Siku Niliyolinda Ng'ombe

Sikuwahi kuuona mwisho wa ile sinema hadi juzi, nikiwa tayari bibi mwenye wajukuu, nimeketi kwenye kochi la shangazi yangu Kemunto huko Ekerenyo na kikombe cha chai mkononi. Nilikwenda kumjulia hali. Nyonga inamsumbua, na daktari amemkataza shamba, naye kumkataza shamba ni sawa na kumfunga jela. Mjukuu wake Nyaboke, msichana ambaye simu na televisheni humtii kuliko zinavyotutii sisi, alikuwa anatafuta kitu cha kumtuliza. Akafungua filamu ya zamani. Tarumbeta zikalia, na mwanamke mwenye glavu za manjano na kofia yenye unyoya akaanza kuteremka ngazi za hoteli.

Nikaweka kikombe chini. Nilijua atajikwaa kabla hajajikwaa. Nilijua kwamba mhudumu mwenye sinia atamdaka mkono, na kwamba huyo si mhudumu, ni mwizi.

"Unaikumbuka?" shangazi akaniuliza bila kugeuka.

Nikasema naikumbuka. Nilitaka kuongeza kwamba iliniharibia utoto mwaka mzima, lakini Nyaboke alikuwa ameshaanza kucheka, kwa sababu hiyo ni sinema ya kuchekesha. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua. Wa rika langu mtanielewa: sisi tulipopelekwa kuona picha mara ya kwanza, hakuna aliyetuambia ipi ni ya kucheka na ipi ni ya kulia. Mtu aliingia gizani na roho yake mkononi.

Baba na mama walikuwa Nairobi kikazi, nami nilikuwa nimeachwa kwa babu na bibi. Kemunto, mdogo wake baba, ndiye aliyenilea hasa. Alinisugua miguu kwa jiwe, akanifunga vitambaa vya nywele, na kitanda kilikuwa kimoja. Nilimfuata kila alikokwenda, kisimani, shambani, kwenye banda la chai ambako majani hupimwa na kuuzwa, hata akijificha nyuma ya migomba kwa haja zake nilisimama nje nikimsemesha. Bibi, ambaye sote tulimwita Magokoro, alikuwa akimtaka bintiye hamwiti yeye, ananiuliza mimi: "Shangazi yako yuko wapi?" Nami sikushindwa kujibu hata siku moja.

Mwaka huo Kemunto alikuwa ameposwa. Mwanamume alikuwa mfanyabiashara wa Kenyenya, mjane, mwenye duka na mashine ya kusaga, mzito wa mwili na mpole wa maneno. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Sehemu ya ng'ombe wake ilikuwa imeshafika kwetu, na waliobaki walikuwa njiani. Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, nieleze kidogo. Ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya dada ndio kaka yake anaotolea mahari. Baba mdogo Nyakundi, kaka yao, alikuwa ameshampata msichana wake, na wazazi wa msichana walikuwa wanasubiri ng'ombe wale wale. Kwa hiyo walipokuwa wanacheua bomani kwetu, ng'ombe hao hawakuwa mali tu. Walikuwa tayari ni mke wa mtu. Nyakundi aliwakatia majani kwa mkono wake na aliwajua kwa majina.

 Kemunto alichuma chai, akapika, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili kama kawaida. Ila alikuwa ameanza kuchelewa kwenye banda la chai, na mimi, mkia wake, nilichelewa naye. Karani wa kupima majani pale aliitwa Ombati. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya kahawia na jicho kali. Angeingiza mkono ndani ya kikapu hadi chini, na akikuta jani gumu, nje ya yale majani mawili machanga na kichipukizi yanayotakiwa, angekimwaga kikapu chote kwenye meza mbele ya watu, ukachambue upya huku wenzako wanaondoka. Wanawake walimwogopa. Kikapu cha Kemunto hakukimwaga hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu shangazi yangu alikuwa mchumaji safi kuliko wote, na hilo lilikuwa kweli, lakini si lote.

Basi Jumapili moja Kemunto akaomba ruhusa ya kwenda Kisii mjini kuninunulia sweta. Sisi tulikuwa watu wa Sabato, Jumapili kwetu ni siku ya kazi na soko, kwa hiyo hilo halikumshangaza mtu. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Msichana aliyeposwa hakuruhusiwa kutembea peke yake, lakini akiwa na mtoto mkononi, nani angesema neno? Mimi ndiye niliyekuwa ruhusa yenyewe.

Sweta tulilinunua haraka, na lilinibana makwapani. Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa sinema wa Mhindi mmoja, mahali ambapo mahubiri ya babu yalipataja sambamba na pombe na ngoma. Ombati alikuwa ametangulia. Alivaa kofia yake mle ndani hadi mtu wa nyuma alipolalamika. Taa zikazimwa, nami nikakamata nguo ya shangazi kwa mikono miwili.

Hakuna lugha niliyoielewa pale. Ombati alikuwa amesoma, basi akawa anamtafsiria shangazi kwa kunong'ona, neno kwa neno, juu ya kichwa changu, maana mimi nilikuwa katikati yao. Hivyo ndivyo nilivyoifuata. Mwanamke wa glavu alikuwa anaozwa kwa bwana mmoja mwenye sharubu na hoteli. Mkufu wa marehemu mama yake ulikuwa kwa huyo bwana, umefungiwa ndani ya sanduku la kioo, na askari wanaulinda. Mhudumu wa uongo alikuwa amekuja kuuiba. Mwanamke akamgundua, na badala ya kupiga yowe akamwambia, tuibe pamoja.

"Anamwambia," Ombati akanong'ona, "siku ya karamu watu wote watakuwa wanautazama mkufu." Halafu, bila kubadili sauti, akasema, "Na kwenu, siku hiyo wote watakuwa wanatazama ng'ombe."

Nilijua kuwa kwenye ile picha hapakuwa na ng'ombe. Nilikuwa mdogo, sikuwa mjinga.

Shangazi aliniwekea kiganja kichwani. Kilikuwa na jasho. "Na huyu?" akauliza.

Ombati akaendelea kutafsiri picha.  Mwenyewe nilikuwa nimeshajijibu: hawa wawili wamepanga kuwaiba ng'ombe wa Nyakundi, na bado hawajaamua wanifanye nini mimi.

Kule mbele mambo yakaenda mbio. Askari wakapuliza filimbi, mbwa wakaachiliwa, watu wakakimbia kwenye ngazi. Nikashindwa. Nikajitupa mapajani pa shangazi na kujifunika kichwa kwa leso yake, na hapo nikabaki hadi taa zilipowashwa. Kwa hiyo mwisho wa sinema niliusikia tu. Nikasikia ukumbi mzima ukipiga kelele, vicheko, miluzi, halafu kishindo kikubwa cha mikono, pa pa pa pa, kisichokwisha.

Sauti hiyo niliijua. Nilikuwa nimeisikia sokoni Ekerenyo, siku aliyokamatwa mtu na kuku wa watu chini ya koti. Walianza kwa kucheka vile vile, miluzi vile vile, halafu ikaja pa pa pa, na Magokoro alinivuta nisione. Baadaye nilisikia wakubwa wakisema yule mtu hakufika hospitali. Kwa hiyo nilipokuwa chini ya leso nilijua kabisa kilichompata yule mwanamke wa glavu na mwenzake. Wamekamatwa. Wanapigwa, na watu wamefurahi. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba nilipofunuliwa, shangazi yangu alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka.

Siku zilizofuata sikuonja ladha ya chakula. Ningesema? Babu angejua tulikwenda sinema, na Nyakundi angemkamata Kemunto, na mikono ingeanza. Ningenyamaza? Wangeiba, wakamatwe, na mikono ianze vile vile. Kila njia iliishia pale pale. Nilimtazama shangazi akisonga ugali na nikaona shingo yake ilivyo nyembamba. Mwishowe nikapata shauri la kitoto ambalo hadi leo naliona lina akili: ng'ombe wasipoibika, hakuna mwizi. Nikichunga boma, nimemwokoa.

Siku yenyewe wageni kutoka Kenyenya walifika asubuhi na ng'ombe waliobaki. Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi kama vile mtu anavyopokea mgeni. Wanakaguliwa. Wazee wa pande zote mbili wanaingia bomani, wanashika nundu, wanafungua vinywa, wanainua mikia, wanabishana. Huyu amezeeka. Huyo ana kikohozi. Ukazuka ubishi juu ya dume moja jeusi lenye ukungu kwenye jicho. Babu akasema haoni. Mzee mmoja wa Kenyenya akasema anaona kuliko wewe. Wakapunga kofia mbele ya lile jicho, wakapunga fimbo, majirani wakaegemea uzio, hata wanawake wakaacha vyungu motoni wakaja kuona. Nyakundi alikuwa ameshika kamba ya lile dume, uso umemkakamaa. Kwake kila mnyama aliyekataliwa ulikuwa msimu mwingine wa kungoja.

Mimi nilisimama langoni na fimbo. Nilikuwa nimevaa sweta jipya, jasho linanichuruzika, sikulivua kwa sababu kulivua kungetaka mikono yote miwili. Kila kofia ya kahawia iliyopita barabarani ilinirusha moyo. Nyakundi alipita akanicheka. "Askari wetu," akasema, "leo hata nzi hapiti."

Ndipo Kemunto akaja kutoka upande wa jikoni, kikapu cha chai mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, kama siku yoyote ile. Akasimama mbele yangu. Alinitazama kwa muda, akanivuta ukosi wa sweta ukae sawa.

"Unafanya nini hapa?"

"Ninalinda ng'ombe," nikamwambia, na nikamkazia macho ajue kwamba najua.

Uso wake ukabadilika, lakini si kwa namna niliyotarajia. Nilidhani atakasirika. Badala yake ulilainika. "Vizuri," akasema. "Usiondoke hapo, hata ukishikwa na njaa. Hata mimi nikikuita, usiondoke. Linda ng'ombe."

Alipogeuka nikaona majani yaliyokuwa juu ya kikapu. Yalikuwa makuukuu, magumu, meusi, majani ya kuezekea banda la kuku. Shangazi yangu, mchumaji safi. Nikawaza: Ombati atayamwaga hayo. Halafu nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, na kifua kikanifunguka kwa mara ya kwanza tangu Kisii. Hana haja na chai leo. Anakwenda bandani kumwambia Ombati kwamba ng'ombe wana mlinzi na mpango umevunjika. Nimemwokoa. Nilimtazama akishuka njia ya mikaratusi na sikumfuata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutomfuata.

Mvua ya alasiri ilikuja kwa wakati wake. Wageni walikuwa wameingia ndani kula, dume la jicho limekubaliwa baada ya kuongezewa mbuzi, na mama wa bwana harusi akataka kumsalimu mkwewe. Magokoro akatoka barazani na kuniita kutoka kule langoni, nilikokuwa nimelowa chapachapa.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Amepeleka chai bandani."

"Chai gani?" akasema Magokoro. "Leo si siku yetu ya kuuza."

Sauti za kula ndani zikanyamaza moja moja. Nyakundi akatoka na tonge mkononi bado, akateremka ile njia mbio, utelezi au si utelezi. Aliporudi alikuwa na kikapu. Alikikuta kwenye ua wa misipresi karibu na barabara, majani yamemwagwa, na chini yake hapakuwa na kitu. Kabati la chumbani kwetu lilipofunguliwa, nguo zake hazikuwamo. Nyakundi alikigeuza kile kikapu mikononi, akakinusa ndani, sijui kwa nini. Nilikinusa nami baadaye. Kilinuka majani yaliyonyauka na mafuta yake ya nywele.

Watu wa Kenyenya hawakupiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Walifungua boma wakaanza kuwatoa ng'ombe wao, wa asubuhi na wa zamani, na lile dume. Nami nikaona jambo nililoliogopa siku zote hizo linatokea mbele ya macho ya babu, mchana, na hakuna anayeinua mkono. Nikajitupa langoni na fimbo yangu. Nikapiga yowe, "Wezi, wezi."

Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekuja kunisogeza. Alikuwa amevua kofia, mvua inampiga kipara. "Hatuibi, mwanangu," akasema. "Tunarudi na vyetu." Akanibeba kunitoa njiani, akaniweka chini taratibu kando ya tope, kama mtu anayeweka yai. Nyakundi alikuwa amekaa juu ya jiwe la kunolea panga, na alikuwa analia waziwazi, mtu mzima. Dume la jicho likampita na kumlamba bega. Alilizoea.

Yule msichana wake hakungoja. Aliolewa upande wa pili wa mto kabla ya mahindi kukauka. Ombati alikuwa amepata kazi kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, na kutoka huko, miaka mingi, alituma ng'ombe mmoja mmoja hadi wazee wakaridhika, na wao wakaweza kurudi Ekerenyo kuishi. Nyakundi alioa mwingine, wakaelewana, wakazaa, lakini jina la dada yake hakulitaja hadi mimi nilipokuwa nimemaliza shule. Naeleza haya kwa sababu kwenye sinema hawakuonyeshi mtu aliyeachwa ameshika kamba.

Mimi? Mwaka mzima, kila kelele za sokoni zilinikimbiza kwa Magokoro. Kila pa pa pa, hata ya wanawake kanisani wakipokea wageni, ilikuwa ni Kemunto amekamatwa. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba alinipita langoni na hakuniaga. Alipokuja mara ya kwanza, na mtoto mgongoni, sikutoka kumsalimu. Nilijificha bomani. Tulizoeana tena polepole, kama watu wazima wanavyozoeana, na jambo hilo hatukuligusa.

Juzi nikaiona sinema hadi mwisho. Si filamu kubwa, nikisema ukweli. Mwizi anajipenda mno, lile busu la barazani lina urefu wa ibada, na bwana wa sharubu anachekwa kwa unene wake tu, jambo ambalo siku hizi linanikera, maana namkumbuka mtu mwingine mnene aliyenibeba taratibu kwenye mvua. Lakini filimbi zilipopulizwa, nilishika mkono wa kochi. Mbwa wakaachiliwa. Askari wote wakalizunguka sanduku la kioo, bega kwa bega, macho yamewatoka, na mkufu umo ndani unametameta. Na mwanamke wa glavu, sasa bila glavu, amevaa nguo ya mpishi, akatokea mlango wa jikoni na kikapu cha mikate. Akawapita askari. Mmoja akamfungulia lango. Barabarani mwenzake alikuwa anangoja na kofia yake, na ndani ya mkate kulikuwa na mkufu wenyewe. Ule wa sandukuni ulikuwa vipande vya chupa.

Nyaboke akapiga makofi. Pa pa pa pa.

"Kumbe walikuwa wanashangilia," nikasema.

"Nani?"

"Watu, kule Kisii. Mimi nilijua wanawaua."

Shangazi akamwambia Nyaboke apunguze sauti. Akanigeukia na mwili wote, kwa shida, kwa sababu ya nyonga, na nikamweleza: leso, soko, yule mtu wa kuku, fimbo yangu langoni. Hakucheka. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile akininyooshea ukosi.

"Kwa hiyo ulisimama pale kwa ajili yangu," akasema.

"Kwa ajili yako. Na wewe ukanipita." Sauti ilinitoka ya yule mtoto, na nywele hizi nyeupe. "Ungeniaga, shangazi. Neno moja tu."

 Nje mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati.

"Babu yako alikuwa anatazama ng'ombe," akasema. "Nyakundi, Magokoro, majirani, Kenyenya yote, walikuwa wanatazama ng'ombe. Mtu wa kunitazama mimi ulikuwa wewe peke yako. Kama nisingekuacha langoni, mwanangu, ungenifuata. Na ungenifuata, ningerudi."